Kipepeo Mwenye Namba

Katika nchi za Kanada na Marekani yuko kipepeo wa rangi ya machungwa, mwenye mishipa myeusi mbawani. Watu wa huko humwita Mfalme, walakini uzito wake haufiki gramu moja. Kila mwaka, baridi inapokaribia, vipepeo hawa huondoka makundi kwa makundi kwenda kusini. Zamani watu wa kaskazini hawakujua waendako.

Bwana Fred Urquhart, mtaalamu wa wanyama huko Toronto, pamoja na mkewe Norah, walitaka kuijua njia yao. Siku zile mdudu hakuweza kufuatwa angani, bali aliweza kutiwa alama. Basi wakatengeneza vikaratasi vyepesi vyenye namba, vya kubandikwa ubawani. Mwaka 1952 waliwaomba watu msaada, na kidogo kidogo mamia wakajiunga nao. Kila aliyebandika namba aliandika siku na mahali. Na kila aliyemwokota kipepeo mwenye namba alipeleka habari Toronto. Ndipo Bwana Urquhart alipochora mstari katika ramani, kutoka mahali pa kwanza hata pa pili.

Mnamo Januari 1975 wasaidizi wake wawili waliwakuta vipepeo mamilioni katika milima ya Meksiko, penye kimo cha karibu futi 10,000, wameifunika miti yote. Wenyeji waliwafahamu tangu zamani, lakini hawakujua watokako. Mwaka 1976 Bwana Urquhart mwenyewe alifika. Tawi moja likavunjika kwa uzito wa vipepeo, likaanguka karibu naye. Na kati ya walioanguka alimwona mmoja mwenye kikaratasi! Namba ile ilibandikwa Agosti 1975 na mwalimu mmoja na wanafunzi wawili huko Minnesota, umbali wa zaidi ya maili 1,700. Hivyo habari za kaskazini na za kusini zikaungana, na njia ikajulikana.

Mwaka 1986 serikali ya Meksiko ilitenga sehemu ya misitu ile ili ilindwe. Maana huwezi kulinda mahali usipopajua.

Angalieni, wanafunzi: kama siku na mahali visingaliandikwa, namba ile ingalikuwa karatasi tu. Basi mkimwona mdudu au mnyama mdogo, andikeni mambo manne: ni mnyama gani, siku gani, mahali gani, na nani aliyemwona. Wala msiandike msichokiona kwa macho yenu.