Muhogo Wenye Kuugua: Mambo Yaliyowapata Jirani zetu wa Uganda

Kwetu, mtu akisema chakula anafikiri muhogo: mizizi kwa bugali, majani kwa sombe. Kwa hiyo ni vema tujue mambo yaliyowapata jirani zetu wa Uganda, maana ugonjwa wa mimea huvuka mpaka wa inchi bila kuonyesha karatasi.

Mwaka 1988, katika wilaya ya Luwero, kaskazini ya Kampala, mihogo ilianza kudhoofika vibaya. Majani yakapata mabaka ya manjano na kujikunja, miti ikabaki mifupi, na chini mizizi ikawa myembamba kama vidole. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa zamani: Mjerumani Warburg aliuandika mwaka 1894, katika inchi inayoitwa leo Tanzania. Lakini huu ulikuwa mkali kuupita ule. Baadaye wataalamu walivumbua ya kwamba virusi viwili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa kimoja kipya. Kila mwaka ulisonga mbele kilometa 20 mpaka 30. Kule Teso, mashariki ya Uganda, watu walikuwa wamekwisha kunyang'anywa ng'ombe zao. Muhogo ndio uliowabakia, nao ukaharibika. Miaka ya 1993 na 1994 watu walikufa kwa njaa. Kisha ugonjwa ukaingia Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi, na Kongo yetu pia.

Unasafiri namna gani? Kwanza, kuna inzi weupe, wadogo sana, wakaao chini ya majani. Wanafyonza maji ya mti mgonjwa, halafu wanaruka kwenye mti mzima. Lakini njia ya pili ni sisi wenyewe. Mkulima hapandi mbegu ya muhogo, anapanda vijiti, na kijiti cha mti mgonjwa huzaa mti mgonjwa. Jirani akiomba vijiti, nani atamnyima? Mtu akihama, anabeba fungu lake kichwani. Basi ukarimu wetu wenyewe unapeleka njaa kijiji kwa kijiji, na wenye shamba wanaanza kuulizana nani amewaroga. Katekista ataitwa kusuluhisha maneno hayo. Afadhali ajue habari ya inzi na vijiti.

Uganda iliokolewa na kazi iliyoanza mbali. Katika miaka ya 1930, huko Amani, milimani Usambara, Mwingereza Storey na wenzake walichanganya uzazi wa muhogo na wa mti wa mpira wa Ceara. Mbegu zake zilipelekwa Nigeria. Huko Ibadan wataalamu wakaziendeleza, wakapata muhogo uitwao TMS 30572, nao Waganda wakaupanda kwa jina la NASE 3. Unavumilia ugonjwa, na mavuno yakarudi.

Lakini mambo hayajaisha. Tangu 2004 ugonjwa mwingine umeenea Uganda, ule wa michirizi ya rangi ya udongo, na huu ni mwenye hila: mara nyingi majani yanaonekana mazuri, kumbe ndani mzizi umeoza, mkavu kama gome, haufai hata kwa nguruwe. Kwa ugonjwa wa kwanza inatosha kuchagua miti yenye majani safi, na kung'oa migonjwa ingali michanga. Kwa huu wa pili macho hayatoshi. Kabla ya kumkatia jirani vijiti, chimba kwanza mti ule ule, pasua mizizi yake kwa kisu, utazame ndani.