Mafuta, udhu na ngozi ya mzee



Ndugu msomaji, katika Suratur Rum, aya ya 54, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa mwanadamu huanza katika udhaifu, hupewa nguvu, kisha hurudishwa katika udhaifu na mvi. Tukiisikia aya hiyo wengi wetu tunafikiria magoti, macho na mgongo. Ngozi tunaisahau, na hali hiyo ndiyo nguo ambayo mtu haivui mpaka anaingia kaburini.

Juma hili nataka tulizungumzie swali ambalo wazee huniuliza mara kwa mara, na wengi zaidi hawaulizi bali huamua wenyewe kimyakimya: nikijipaka mafuta, udhu wangu unasihi? Kwa hofu hiyo wapo wazee ambao hawapaki kitu miguuni toka alfajiri mpaka isha. Wanatawadha mara tano, ngozi inakauka mara tano, magaga yanapasuka mpaka yanatoa damu. Kama mzee huyo ana kisukari, mpasuko mdogo wa kisigino unaweza kuwa mlango wa kidonda kitakachomkosesha mguu. Kwa hiyo si swali dogo.

Ngozi inavyozeeka

Ngozi ina tabaka la nje, linalokinga, na tabaka la ndani lenye mishipa ya damu, neva na nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo ndizo zinazoipa ngozi ya kijana uimara wake. Chini yake kuna mafuta, mfano wa godoro. Kwa kijana, tabaka la nje hujibadili lote kwa muda wa kama mwezi mmoja. Kwa mzee kazi hiyo huchukua muda mrefu zaidi, ndiyo maana mchubuko wa mjukuu hupona upesi na wa babu ukakaa. Kolajeni hupungua mwaka hadi mwaka, na kwa akina mama hupungua kwa kasi zaidi miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukatika. Vinyweleo navyo hutoa mafuta kidogo, na tezi za jasho hupunguza kazi.

Matokeo yake mnayaona nyumbani. Ngozi inakuwa nyembamba, kavu, yenye vumbi jeupe kwenye miundi, inawasha usiku. Mkono ukigonga mlango kidogo tu damu inavilia chini ya ngozi, na watoto wanadhani bibi kapigwa. Sisi wenye ngozi nyeusi tumejaaliwa melanini, ambayo hupunguza madhara ya jua, hivyo makunyanzi hutuchelewa. Kwetu jua huonekana zaidi kwa mabaka na rangi isiyolingana.

Wapo wanaouwahi uzee kwa mikono yao. Mkorogo na krimu za kujichubua mara nyingi huwa na steroidi kali, hidrokwinoni au zebaki. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, ikapasuka, na kidonda kikachelewa kupona. Hidrokwinoni ikitumika miaka mingi huweza kuacha mabaka meusi ya kibuluu ambayo hayatoki. Zebaki huingia mwilini na kuharibu figo. Mama wa miaka 45 anaweza kuwa na ngozi ya bibi wa miaka 80 kwa sababu hiyo. Ukiwa umeshazoea krimu hizo, usiache ghafla bila kumwona mtabibu, kwani ngozi hulipuka kwa muwasho na vipele.

Je, mafuta yanazuia udhu?

Turudi kwenye swali letu. Sharti ni maji yaifikie ngozi. Imamu Nawawi, ambaye ni tegemeo katika madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza katika Al-Majmu'u kuwa kitu kinachoweka tabaka juu ya ngozi, kama nta au unga uliokandwa, lazima kiondolewe. Ama mafuta ya maji yaliyo kwenye kiungo, maji yakapita juu yake yakaigusa ngozi, hata kama hayakutulia, udhu unasihi. Kwa hiyo mafuta ya nazi yaliyokwishanywewa na ngozi hayana tatizo. Mafuta ya mgando yakipakwa kidogo na kusuguliwa yakaenea, vivyo hivyo. Lakini ukiyarundika kwenye nyufa za kisigino mpaka yanaonekana meupe, yapanguse kwa kitambaa kwanza ndipo utawadhe. Rangi ya kucha ni tabaka, hiyo itolewe. Na kwa kuwa Ramadhani watu huuliza: kujipaka mafuta mwilini hakufunguzi.

Maji yenyewe si adui wa ngozi. Adui ni maji ya moto, sabuni kali, na kuiacha ngozi ikauke bila kuipaka kitu. Maji yanapokauka juu ya ngozi huondoka na unyevu wake. Ukipaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, unaufungia ule unyevu ndani. Wakati bora wa kupaka ni dakika zilezile za baada ya udhu au kuoga, na mzee wetu anazo nafasi tano kila siku ambazo asiyeswali hana! Si lazima apake mara zote tano. Baada ya alfajiri na baada ya isha zinatosha kwa wengi.

Ajikaushe kwa kubonyezabonyeza taulo, asisugue. Wapo wanachuoni walioona bora kutojifuta maji ya udhu, lakini penye haja hakuna ubaya. Hasa katikati ya vidole vya miguu pakaushwe vizuri, na hapo mafuta yasiwekwe, kwa sababu fangasi hupenda unyevu. Sunna ya kupitisha kidole katikati ya vidole wakati wa kutawadha ina faida nyingine: ndipo mtu anapogundua mchubuko aliokuwa hauhisi.

Mafuta gani? Ya bei nafuu yanatosha. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato ni mazuri sana, na ya nazi pia. Kwa magaga magumu, krimu yenye urea kutoka duka la dawa husaidia. Usiyakate kwa wembe. Mafuta ya zaituni yana heshima yake katika dini yetu na ni chakula bora, lakini utafiti umeonyesha kuwa kuyapaka kila siku kunaweza kudhoofisha kinga ya tabaka la nje la ngozi, kwa hiyo kwa mzee mwenye ngozi kavu sana mimi nachagua mengine. Tahadhari mbili: nyayo zenye mafuta huteleza kwenye sakafu ya marumaru, basi avae kitu kisichoteleza. Na nguo au shuka iliyolowa mafuta ya mgando hushika moto haraka, asikae karibu na jiko la mkaa au kibatari.

Sabuni ya kufulia isitumike kuogea mzee. Dodoki la kukwaruza nalo liachwe. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini kwapani, sehemu za siri na miguuni, kwingine maji matupu yanatosha. Maji ya kutawadhia alfajiri ya baridi yapimwe na mtu mwingine kwa kiwiko, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kuungua miguu asisikie.

Ikiwa kidonda kipo na mtabibu amesema maji yatakidhuru, sheria imeweka njia. Suratul Maida, aya ya 6, inampa mgonjwa ruhusa ya kutayamamu, na penye bendeji kuna hukumu zake za kupangusa. Mtabibu atakwambia kama maji yanadhuru, sheikh atakwambia namna ya kutekeleza. Ukavu wa kawaida wa ngozi hauhesabiki humo.

Mnaomtazama mzee

Sugu nyeusi ya sijda kwenye paji la uso, magotini na kwenye kifundo cha mguu wa kushoto si ugonjwa. Iangaliwe tu isichubuke, hasa ya kifundoni kwa mwenye kisukari.

Mzee asiyeweza kunyanyuka ageuzwe takribani kila saa mbili. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pagusweni: kwenye makalio, nyonga, visigino. Pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni, kidonda kinaanza. Msipasugue wala msipake spiriti. Ondoeni mgandamizo hapo.

Muwasho nao usihesabiwe wote kuwa uzee. Kama unazidi usiku, kuna vipele katikati ya vidole vya mikono, na mjukuu anayelala naye anajikuna, huo huenda ni upele, na dawa yake hupakwa nyumba nzima siku moja. Muwasho wa mwili mzima usio na vipele na usiotulia kwa mafuta unaweza kutokana na kisukari, figo au ini, na unahitaji vipimo.

Mpelekeni zahanati bila kusubiri ikiwa kuna kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, kidonda chochote ambacho hakijapona kwa wiki nne, kovu la zamani la moto lililoanza kuchimbika, au doa jeusi linalokua kwenye unyayo au chini ya ukucha. Mnapokwenda, bebeni kila anachopaka, pamoja na kile kikopo kisicho na jina alichonunua sokoni.