Kichocho: kidonge kimefika shuleni, mtoto aliyebaki nyumbani je?

Na Mwandishi Wetu

Kwa familia zinazoishi kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Mwigobero mjini Musoma hadi Kisorya wilayani Bunda, maji ya ziwa ndiyo maisha. Ndiyo ya kufulia, ya kuoshea vyombo, ya kuogeshea watoto na ya kutawadhia. Katika maji hayo hayo, penye majani na kina kifupi, wanaishi konokono wadogo wanaobeba vimelea vya kichocho. Kwa miaka mingi Serikali imepambana na maradhi haya kwa kugawa kingatiba mashuleni. Swali linalojadiliwa sasa na wataalamu ni hili: mtoto wa miaka mitatu anayeogeshwa kwa maji ya ziwa, na mama anayemwogesha, wao dawa wanaipata lini?

Maradhi yanayokwenda polepole

Kichocho hakiui kwa siku moja, na ndiyo maana hupuuzwa. Mtu aliyeambukizwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi au mkojo, yakaanguliwa na kumwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo hutoa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi ya binadamu kwa muda wa dakika chache tu. Havihitaji jeraha wala mtu kunywa maji. Kuingiza mguu kunatosha.

Ndani ya mwili minyoo hukaa katika mishipa ya damu kwa miaka, na madhara makubwa hutokana na mayai yanayonasa katika viungo. Katika kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimeenea kandokando ya ziwa, ini huharibika taratibu, bandama huvimba, na mwisho mgonjwa huweza kutapika damu. Kwa mtoto, dalili huwa za chinichini: upungufu wa damu, kudumaa, uchovu na kushindwa kufuatilia masomo.

Kichocho cha mkojo, ambacho konokono wake hupenda malambo, madimbwi na vijito, kina balaa jingine lisilosemwa hadharani. Mayai yake huweza kunasa katika viungo vya uzazi vya mwanamke, yakasababisha vidonda, maumivu, kutokwa na damu na hata ugumba. Dalili hizo hufanana na za maradhi ya zinaa. Mume asiyelijua hili anaweza kumdhania mkewe jambo zito, ilhali chanzo ni lambo alilotekea maji tangu utotoni. Elimu hapa hailindi afya pekee. Inalinda pia heshima ya mke na amani ya ndoa.

Kwa nini wadogo waliachwa

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, imekuwapo tangu miaka ya 1970. Kampuni ya Merck ya Ujerumani huitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2007. Kwa kuwa dawa haikuwatosha wote, nchi nyingi zilianza na watoto wa umri wa shule, kuanzia miaka 5 hadi 14, ambao ndio wenye maambukizi mengi na ambao ni rahisi kuwafikia darasani. Mwalimu humsimamisha mwanafunzi penye kipimo cha urefu, akajua idadi ya vidonge vya kumpa.

Mdogo wake alibaki nyumbani kwa sababu mbili. Kwanza, ilidhaniwa kuwa watoto wachanga hawaguswi sana na maji yenye vimelea. Pili, kidonge cha miligramu 600 ni kikubwa na kichungu, na mtoto mdogo hukitema au hukwama nacho kooni. Tafiti zilizofanywa kandokando ya maziwa ya Afrika Mashariki ziliubomoa udhuru wa kwanza, kwani watoto walionekana kuambukizwa hata kabla ya kutimiza miaka miwili.

Mwezi Februari 2022, Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake. Pale ambapo maambukizi yanafikia asilimia 10 au zaidi, sasa linashauri dawa itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia umri wa miaka 2, wakiwemo watu wazima, mama wanaonyonyesha na wajawazito waliovuka miezi mitatu ya kwanza. Mtoto aliye chini ya miaka 2 hutibiwa kwa uamuzi wa mganga aliyempima.

Udhuru wa pili nao umepata jawabu. Watafiti waliandaa arprazikwanteli, kidonge cha miligramu 150 kinachoyeyushwa katika maji na ambacho uchungu wake umepunguzwa. Kilijaribiwa katika hatua ya tatu kwa watoto 288 wenye umri wa miezi 3 hadi miaka 6, huko Côte d'Ivoire na Kenya, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) ilishiriki. Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kukikubali, na Mei 2024 Shirika la Afya Duniani likakithibitisha ubora wake. Mwaka 2025 Uganda ilianza kuwapa watoto wake dawa hiyo.

Kidonge au maji?

Hata hivyo, wapo wanaouliza: je, tukimpa kila mtu kidonge, kichocho kitakwisha? Tanzania yenyewe imetoa sehemu kubwa ya jawabu.

Katika mkoa jirani wa Mwanza, utafiti ulioanza mwaka 2011 ulifuatilia vijiji 150 kwa miaka kadhaa, ukilinganisha kugawa dawa shuleni pekee na kugawa kwa jamii nzima. Maambukizi yalipungua kwa njia zote, lakini haikuonekana tofauti kubwa kati ya njia moja na nyingine, na vipo vijiji ambavyo maradhi yaligoma kushuka. Huko Unguja na Pemba, mradi wa kutokomeza kichocho cha mkojo uligawa dawa mara mbili kwa mwaka. Baadhi ya shehia ziliongezewa kuua konokono. Nyingine ziliongezewa elimu iliyowahusisha walimu wa shule na wa madrasa, pamoja na majukwaa ya kufulia nguo nje ya vijito. Maradhi yalishuka mno, lakini hayakung'olewa.

Sababu inaeleweka. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, haiui vizuri ile michanga, wala haimkingi mtu asiambukizwe tena. Anayemeza dawa Jumatatu na kuoga ziwani Jumanne amerudi pale pale. Kwa hiyo mwongozo mpya haukosei kumjumuisha mtoto mdogo na mama, kwani haki ya mgonjwa ni kutibiwa. Kosa litakuwa kudhani kuwa kidonge kinaweza kusimama mahali pa bomba na choo. Wananchi wa Mara wana haki ya kuiona miradi kama ule wa maji wa Mugango hadi Kiabakari na Butiama, uliogharimiwa na Serikali pamoja na BADEA na Mfuko wa Maendeleo wa Saudi Arabia, kuwa ni mradi wa tiba pia.

Somo la Morogoro

Jambo jingine linalojadiliwa ni ridhaa ya wazazi. Mwaka 2008 mjini Morogoro, ugawaji wa dawa hii mashuleni uligeuka kuwa ghasia. Baadhi ya watoto walipatwa na maudhi ya dawa, uvumi ukaenea kwamba wanawekewa sumu, wazazi wakavamia shule na zoezi likasitishwa. Waliochunguza tukio hilo walibaini kuwa wazazi hawakuelezwa vya kutosha.

Maumivu ya tumbo, kichefuchefu na kizunguzungu ni maudhi yanayojulikana ya prazikwanteli, na huzidi kwa mwenye minyoo mingi au asiyekula. Hupita kwa muda mfupi. Mzazi ana haki ya kujua siku ya ugawaji mapema ili mtoto ale kwanza. Kwa Waislamu hili lina uzito wa pekee: zoezi likiangukia Ramadhani, viongozi wa misikiti na kamati za shule wazungumze na waganga wakuu wa wilaya kuhusu kuliahirisha, badala ya watoto kulikosa au kumeza dawa na tumbo tupu.

Wajibu wa nyumba na msikiti

Maji ya ziwa ni tohara, na hakuna anayesema vinginevyo. Suala ni namna ya kuyatumia. Viluwiluwi vya kichocho haviishi muda mrefu bila kumpata binadamu; maji yaliyotekwa pasipo konokono na kukaa siku mbili chomboni huwa salama kwa kuoga na kutawadha, ingawa kuyanywa bado kunahitaji kuyachemsha. Anayehitaji maji siku hiyo hiyo ayachemshe, kisha ayaache yapoe.

Msikiti usio na bomba unaweza kuwa na matangi mawili: moja linatumika, jingine linapumzika. Hivyo waumini hawatalazimika kuteremka ufukweni, hasa kwa Adhuhuri, kwani jua likiwa juu ndipo viluwiluwi vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi. Anayetafuta sadaka yenye kuendelea asipite mbali: tangi, choo cha wavuvi au jukwaa la kufulia ni sadaka ambayo faida yake huonekana mwilini mwa watoto.

Zaidi ya yote, mnyororo huu hukatwa chooni. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaonya dhidi ya kujisaidia penye vyanzo vya maji. Mafundisho hayo tuliyasoma madrasa tukidhani ni adabu tu. Leo tunajua kwamba yanamlinda jirani anayeteka maji upande wa pili.

Mzazi mwenye mtoto aliye chini ya umri wa shule, ambaye huogeshwa kwa maji ya ziwa au lambo, asingoje dalili. Ampeleke kituo cha afya, aombe apimwe choo na mkojo, na aulize kuhusu dawa inayolingana na umri wake. Palipokosekana dawa mpya ya watoto, mhudumu anaweza kusaga kidonge cha kawaida na kumpa kwa kipimo. Kina mama nao wapimwe, hasa wenye maumivu ya muda mrefu ambayo dawa nyingine hazikuyaponya. Kidonge cha shuleni kimemwokoa kaka mkubwa. Aliyebebwa mgongoni naye ana haki hiyo hiyo.