Mtego wa Kueleweka

Katika utafiti wa maoni wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2012, takriban watu 9 kati ya 10 nchini Uholanzi walisema wanaweza kuzungumza Kiingereza. Haishangazi: hufundishwa tangu shule ya msingi, ni ndugu wa karibu wa Kiholanzi, na filamu za kigeni, ukiacha za watoto, huoneshwa kwa sauti zake za asili huku tafsiri ikipita chini ya skrini. Mhandisi kutoka Nairobi anaweza basi kuishi Amsterdam miaka mingi, akapanga nyumba, akatibiwa na hata kupandishwa cheo, bila kujua Kiholanzi zaidi ya salamu. Ya nini ajisumbue?

Jibu linaanzia kwenye namna watu wanavyochagua lugha ya mazungumzo. Mwanafalsafa wa Ubelgiji, Philippe Van Parijs, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu haki ya lugha, anaeleza kuwa watu wa lugha tofauti wakikutana huelekea kutumia ile ambayo mjuzi wake dhaifu kuliko wote ana nafuu. Waweke Waholanzi tisa na Mkenya mmoja kikaoni. Kwa Kiholanzi, mmoja hataambulia kitu. Kwa Kiingereza, aliye dhaifu zaidi bado atafuata. Kikao kitaendeshwa kwa Kiingereza, na wote wataona ni uungwana.

Uungwana huo ndio unaomkwamisha anayejifunza. Anaingia duka la mikate, anaagiza kwa Kiholanzi alichokariri usiku. Muuzaji anasikia lafudhi, anamjibu kwa Kiingereza. Si dharau. Foleni ni ndefu, na Kiingereza kinaokoa nusu dakika; bahati mbaya, nusu dakika hiyo ndiyo iliyokuwa somo. Kila tukio la aina hii lina mantiki yake, lakini jumla yake ni mtu wa miaka saba nchini mwenye Kiholanzi cha wiki ya pili. Atakwambia hana kipaji cha lugha, ingawa alikuwa nazo tatu kabla ya kumaliza shule ya msingi.

Sheria nayo haimbani. Ile ya ujumuishaji wa wahamiaji, iliyoanza kutumika Januari 2022, inawataka wakimbizi na wahamiaji wengine wengi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya wajifunze Kiholanzi, kwa kawaida hadi B1, daraja la tatu kati ya sita za kipimo cha Ulaya, yaani la mtu anayejimudu katika mambo ya kila siku. Raia wa Umoja huo na wataalamu wenye kibali maalumu cha kazi wamesamehewa. Hivyo Mkongo aliyekimbia vita huweza kusoma barua ya manispaa ambayo jirani yake mwenye shahada mbili anaipiga picha ili simu imtafsirie.

Na barua hazikosi. Mamlaka ya kodi huandika kwa Kiholanzi, katika bahasha ya buluu inayojulikana nchi nzima. Asiye raia wa Umoja wa Ulaya, akishakaa kihalali miaka 5, anaruhusiwa kupiga kura ya manispaa, ila wagombea hujinadi kwa Kiholanzi. Hata kile kikao cha Kiingereza kikimalizika, maongezi ya kahawa hurudi Kiholanzi, na mengi huamuliwa penye kahawa.

Utashi peke yake hautoshi. Kinachotakiwa ni kubadilisha mazingira ya mazungumzo. Watafute wasio na haraka au wasiopenda Kiingereza: wazee, watoto, wenzako wa timu ya mtaani. Patana na mfanyakazi mwenzako mmoja kwamba chai ya saa nne ni ya Kiholanzi. Ukilemewa, yeye aseme Kiholanzi nawe ujibu kwa Kiingereza, kwa kuwa sikio hutangulia ulimi. Na dukani ukijibiwa kwa Kiingereza, endelea na Kiholanzi chako. Mkate utapata vilevile.

Mwenye mkataba wa mwaka mmoja anaweza kuyaacha haya yote bila hasara kubwa. Anayekusudia kulea watoto huko aanze mwaka wa kwanza, kabla mwanawe wa darasa la tatu hajawa mkalimani wake kwa daktari.