MTOTO WA MKULIMA NA GAZETI LA ALFAJIRI



Umejifunza kusoma. Sasa unashika gazeti na kulisoma mwenyewe, bila kumwomba mtoto wa shule akusomee. Leo nataka kukusimulia habari za mtu mmoja wa India. Mtu huyu alijua kwamba mwanakijiji anayesoma anataka habari, na akampelekea. Jina lake ni Ramoji Rao.

KIJIJINI PEDAPARUPUDI

Ramoji Rao alizaliwa tarehe 16 Novemba, 1936, katika kijiji cha Pedaparupudi, wilaya ya Krishna, kusini mwa India. Wazazi wake walikuwa wakulima. Watu wa huko husema Kitelugu. India ina lugha nyingi, na Kitelugu ni mojawapo ya lugha kubwa. Leo husemwa na watu zaidi ya milioni 80.

Alipomaliza masomo alifanya kazi ya matangazo ya biashara katika mji wa Delhi. Kisha akarudi kusini. Mwaka 1962, katika mji wa Hyderabad, alianzisha kampuni ya upatu. Wewe unaujua upatu. Watu hukusanya fedha kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao huchukua fungu. Huko India upatu wa namna hiyo huendeshwa pia na makampuni, kwa sheria ya nchi. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa biashara zake.

GAZETI LA WAKULIMA

Mwaka 1969 Ramoji Rao alitoa gazeti la kila mwezi liitwalo Annadata. Maana yake ni "mtoa chakula", yaani mkulima. Lilikuwa gazeti la kilimo, kwa lugha ya Kitelugu.

Kumbuka hali ya India wakati huo. Mbegu mpya za mpunga na ngano zilikuwa zinaingia mashambani. Mbegu hizo huzaa sana, lakini zinataka mbolea, maji na dawa kwa wakati wake. Mkulima asiyepata maelezo anaweza kupoteza fedha na mazao pia.

Mimi ni bwana shamba, naijua kazi hiyo. Mguu wa bwana shamba haufiki katika kila shamba kila wiki. Lakini karatasi hufika, na hukaa. Mkulima akisahau, huifungua tena akasoma.

KWA NINI HABARI ZICHELEWE?

Tarehe 10 Agosti, 1974, Ramoji Rao alianzisha gazeti la kila siku liitwalo Eenadu. Maana yake ni "Leo". Hakuanzia katika mji mkuu. Alianzia Visakhapatnam, mji wa bandari katika Ghuba ya Bengal.

Kwa nini huko? Magazeti ya Kitelugu yaliyosomwa Visakhapatnam yalichapwa mji mwingine, Vijayawada, kama kilomita 350 kutoka hapo. Yalipowasili, asubuhi ilikuwa imekwisha. Wakati huo mtu yuko kazini au shambani. Ramoji Rao alichapa gazeti pale pale mjini. Akapanga watu wa kulipeleka nyumba kwa nyumba kabla ya jua kuchomoza. Msomaji akiamka, gazeti liko mlangoni.

Jambo la pili lilikuwa lugha. Gazeti liliandikwa kwa Kitelugu chepesi, wanachosema watu nyumbani na sokoni.

Mwanzoni ziliuzwa nakala elfu chache tu. Mwaka 1975 gazeti lilianza kuchapwa Hyderabad pia, kisha katika miji mingine. Baadaye liliuza zaidi ya nakala milioni 1 kwa siku, likawa gazeti kubwa kuliko yote ya Kitelugu.

Mwaka 1989 likaongezwa jambo jingine. Kila wilaya ilipata kurasa zake yenyewe ndani ya gazeti. Habari za kisima kilichoharibika, bei za soko la karibu, au shule isiyo na mwalimu, zikaandikwa. Mwenye duka dogo naye aliweza kutoa tangazo lake, kwa sababu lilisomwa na wateja wa wilaya yake.

WANAWAKE WA NELLORE

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza vizuri. Habari hii inakuhusu wewe uliyejifunza kusoma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na madarasa ya watu wazima katika wilaya ya Nellore. Wanawake wengi walijiunga. Katika kitabu chao cha kusomea kulikuwa na hadithi ya wanawake walioungana wakafunga duka la pombe kijijini mwao. Pombe yenyewe ilikuwa araki, pombe kali ya bei nafuu. Iliuzwa kwa leseni, na serikali ilipata kodi nyingi. Waume walikunywa ujira wa siku nzima. Nyumbani watoto walilala na njaa, na wake walipigwa.

Wanawake wa kijiji cha Dubagunta waliisoma hadithi ile, wakajiuliza: "Kwa nini na sisi tusifanye hivyo?" Wakaufunga mlango wa araki kijijini kwao.

Eenadu liliandika habari zao. Wanawake wa vijiji vingine wakasoma, au wakasomewa, nao wakainuka. Gazeti likaandika tena, kijiji baada ya kijiji, siku baada ya siku. Mwaka 1992 wanawake walikwenda mpaka kwenye minada ya leseni za araki, wakaizuia. Tarehe 1 Oktoba, 1993, serikali ya jimbo la Andhra Pradesh ilipiga marufuku araki jimboni kote.

Ushindi huo ulikuwa wa wanawake. Gazeti lilichukua sauti yao likaifikisha mbali.

SIFA NA LAWAMA

Ramoji Rao alifanya mengine pia. Alianzisha kiwanda cha achari mwaka 1980, na televisheni ya ETV mwaka 1995. Mwaka 1996 alifungua karibu na Hyderabad mji mzima wa kutengenezea sinema. Mwaka 2016 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Vibhushan.

Lakini wengine walimlaumu. Mwaka 1983, N. T. Rama Rao, mchezaji sinema maarufu, alishinda uchaguzi wa jimbo kwa chama kipya. Eenadu lilimwunga mkono waziwazi. Wapinzani walisema gazeti lisiegemee upande mmoja. Biashara zake za fedha nazo zilileta kesi mahakamani. Basi msomaji mwenye busara husoma, kisha huuliza: "Nani ameandika, na kwa nini?"

Ramoji Rao alifariki Hyderabad tarehe 8 Juni, 2024, akiwa na umri wa miaka 87.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini Ramoji Rao alitaka gazeti lifike kabla ya jua kuchomoza?
2. Wanawake wa Dubagunta walisoma hadithi moja tu. Walifanya nini baada ya kuisoma?
3. Katika kijiji chako kuna jambo gani linalofaa kuandikwa gazetini? Nani ataliandika?

Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako gazeti hili naye asome.