Wa Kwanza Kukua, Wa Kwanza Kukatwa

Bingwa wa dunia hatoki kwetu. Desemba 1950, jijini Seattle, Marekani, ulisimamishwa mti wa Krismasi wa mita 67.36, na kwa miti iliyokatwa Guinness inautambua kuwa mrefu kuliko yote. Kilimanjaro kuna mkukusu wa mita 81.5, mrefu kuliko miti yote iliyopimwa Afrika, ila huo hakuna aliyethubutu kuutundikia nyota.

Kati ya Ruiru na Thika urefu si hoja. Hapa mshindi ni anayekua upesi. Mkulima wa Denmark hungoja miaka minane hadi kumi msonobari wake wa Nordmann ufike mita mbili. Saipresi, ikipata udongo mzuri na mvua ya Kiambu, huongeza kama mita moja kwa mwaka. Watu huiita mti wa Krismasi hata mwezi Juni, ikiwa ni ua tu wa kuzuia mbuzi.

Tuzo ya jina potofu pia ni yake: kisayansi ni Cupressus lusitanica, yaani ya Ureno, ilhali kwao ni Mexico na Amerika ya Kati.

Adui yake mkubwa ndiye mdogo kuliko wote: kidukari wa saipresi, aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na kuingia Kenya 1990. Ua mzima hugeuka kahawia.

Msimu nao ni mfupi ajabu. Mti uliokatwa ukilala hadi tarehe 26 ni kuni. Kwa hiyo mimi ningekata kwa oda tu: uliobaki shambani hauozi kama nyanya, na ukitunzwa miaka thelathini ni mbao. Au ningeuza araukaria ya chungu, inayorudi sebuleni kila Desemba mpaka iguse dari.

Wengi hulaumu miti ya plastiki kutoka China. Mshindani mkali kuliko wote ni ploti. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu 490,120, mji wa nne kwa ukubwa nchini, Thika 251,407. Shamba la kungojea miti miaka mitatu hukatwa vipande vya futi 50 kwa 100, bikoni zikapigwa. Na wapo wanunuzi ambao, kabla hata ya kuchimba msingi, huzungushia ploti yao ua wa saipresi.