Kupiga Mbio na Kukimbia: Waebrania 12:1 Ikisomwa Masasi na Newala

Tulipohubiri Waebrania 12:1 katika usharika mmoja mdogo wa Newala, tulieleza kwa bidii habari za uwanja, mashindano na taji. Baada ya ibada mama mmoja mzee alitusogelea akauliza, "Baba Mchungaji, hao wapigao mbio, wanamkimbia nani?" Tulicheka kidogo, kisha tukaona haya, maana swali lile lilikuwa na uzito kuliko mahubiri yetu.

Kiyunani hutenganisha mambo haya mawili. Kitenzi trekho ni kupiga mbio. Feugo ni kuikimbia hatari. Watafsiri wetu walilijua jambo hili, wakaandika "kupiga mbio" katika Waebrania 12:1 na "kukimbia" katika 1 Wakorintho 6:18. Lakini katika usemi wa kila siku mpaka huo haupo. Mtoto ashindanaye na wenzake anakimbia, na mtu afukuzwaye na simba anakimbia pia. Katika shina hilo hilo tunapata mkimbiaji, mkimbizi na kimbilio.

Watu wa uwanda wa Makonde wanazo sababu za kusikia hivyo. Katika karne ya 19 wengi walipanda juu na kujificha katika vichaka vizito, wakiwakwepa wateka watumwa na mashambulizi ya Wangoni. Usalama huo ulikuwa na gharama: juu maji ni haba, hivyo akina mama walishuka miteremko kuyachota, wakapanda tena na mzigo kichwani. Mhubiri asiyejua habari hii asijaribu kuwafundisha watu wa Newala maana ya saburi.

Masasi nako kulianza kwa miguu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Lindi pamoja na watumwa waliokombolewa, nia ikiwa kuwarudisha kuelekea Ziwa Nyasa. Waliishia Masasi. Watu waliowahi kuswagwa kwenda pwani kama bidhaa sasa walielekea bara kwa hiari yao. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, walivamia. Baadhi ya watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, waliosalia wakakimbia tena, na kwa muda makao ya misheni yakawa Newala. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alihudumu miongoni mwa Wayao huko Chitangali, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni hiyo. (Sisi Walutheri tusione haya kujifunza kwa Waanglikana, walitutangulia huku.)

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba mbio ni jambo la mwili tu. Mwili wa mtu mweusi ulitiwa bei sokoni. Kuuendesha mwili huo kwa hiari ni kukiri kwamba una Bwana mwingine. Huko Mexico, tarehe 16 Oktoba 1968, Wamarekani weusi Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi jukwaani baada ya mbio za mita 200. Siku nne baadaye John Stephen Akhwari wa Mbulu, goti lake likiwa limejeruhiwa na kufungwa bandeji, alimaliza marathoni akiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia.

Akhwari atusaidia kuisoma Waebrania. Paulo, akiwaandikia Wakorintho walioishi karibu na michezo ya Isthmia, ataja mmoja apokeaye tuzo. Mwandishi wa Waebrania hasemi neno juu ya kumshinda mwenzako. Asema hupomone, yaani kustahimili chini ya mzigo. Tena katika 2 Timotheo 4:7 watafsiri waliligeuza neno dromos kuwa "mwendo", neno liwafaalo sana wale waliotoka Lindi.

Na swali la mama? Jibu tulilikuta katika barua ile ile, sura ya 6:18, ambapo waamini huitwa watu waliokimbilia tumaini. Kabla ya kuwa wapiga mbio walikuwa wakimbizi. Wanachuo wafanyao mazoezi alfajiri twawashauri wachukue Zaburi ya 46 njiani, yenye neno kimbilio, wairudie polepole kwa kufuata pumzi zao.

Tuliporudi Newala tulianza na Waebrania 6:18, na Jumapili iliyofuata tukahubiri 12:1. Mama yule alikaa benchi la mbele mara zote mbili.